Kolajeni ya 7 inang'aa ndani ya seli: imekwama au rangi inadanganya?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nachunguza ngozi ya panya wenye badiliko kwenye Col7a1, jeni inayotengeneza kolajeni ya 7, protini inayoshikiza ngozi ya juu kwenye ya chini. Hutoka malengelenge miguuni. Nilipopaka kingamwili ya kolajeni ya 7, sikuona mstari mwembamba kati ya epidemisi (ngozi ya juu) na demisi (ngozi ya chini). Mng'ao umejaa ndani ya seli za tabaka la chini la epidemisi. Protini imekwama humo, au rangi inanidanganya?

JIBU: Marahaba. Yote mawili yanawezekana, na picha hiyo peke yake haitoshi kuamua.

Anza na kingamwili. Ikiwa ilitengenezwa kwa panya, kingamwili ya pili yenye rangi itashika pia kingamwili za mnyama wako mwenyewe, nazo ni nyingi kwenye ngozi iliyovimba. Tumia ya sungura. Pembeni weka kipande cha panya asiye na badiliko wa uzao huohuo, na kingine kilichopakwa kingamwili ya pili tu. Hicho cha mwisho kikikung'aria vilevile, umepata jibu: rangi inakudanganya.

Halafu angalia umepiga picha wapi. Seli zinazosogea kuziba kidonda hutengeneza kolajeni ya 7 zaidi, hivyo mng'ao wa ndani kwenye kingo za kidonda haunishangazi. Pima ngozi isiyopasuka, iliyogandishwa bila formalini.

Mng'ao ukibaki hata hapo, nitaamini protini imekwama, hasa kama badiliko limeondoa glisini, asidi amino ndogo kuliko zote. Nyuzi tatu za kolajeni husokotana kama kamba, na glisini hukaa kila nafasi ya tatu kwa sababu ndiyo pekee inayoenea katikati. Ikibadilishwa, msokoto huharibika na seli huizuia protini kwenye retikulamu ya endoplazimu, sehemu ya seli inakokunjiwa protini. Paka kalineksini, protini inayokaa kwenye retikulamu hiyo, kwa rangi ya pili: rangi mbili zikilaliana, ushahidi wako una nguvu.

Bado uthibitishe ngozi inapasukia wapi. Mimi napendelea kupaka laminini-332 kuliko kolajeni ya 4, zote protini za utando wa msingi (utando mwembamba kati ya epidemisi na demisi), maana hii ya pili imo pia kwenye mishipa ya damu ya demisi na huchanganya macho. Kolajeni ya 7 ikikosekana mahali pake, mpasuko hupita chini ya utando wa msingi, na laminini hubaki kwenye paa la lengelenge. Ukiiona sakafuni, usiilaumu Col7a1 kwanza. Chagua lengelenge jipya. Sakafu ya lile la zamani huwa imeanza kuota epidemisi mpya.