Kabla hujanunua dawa ya homoni, angalia unavyokwenda choo

Karibu kila wiki napata ujumbe wa aina moja, kutoka kwa wadogo zangu, marafiki wa wadogo zangu, na akina dada ambao hatujawahi kuonana: "Dada, homoni zangu zimevurugika, nitumie nini?" Mmoja chunusi zimemjaa kidevuni. Mwingine matiti yanamuuma wiki nzima kabla ya siku zake. Mwingine hedhi inaruka, au tumbo linajaa gesi hadi jioni sketi haifungi. Na wengi wameshatumiwa picha ya kopo la unga wa majani lenye ahadi ya kubalansi homoni, kusafisha kizazi na kutoa sumu, kwa bei ambayo ingelisha familia wiki nzima.

Huwa nawauliza kwanza: unapata choo mara ngapi kwa wiki, na kinatokaje?

Swali hilo niliulizwa na daktari nilipomfuata na matiti yanayouma, hasira za ghafla na uchovu usioisha. Vipimo vya damu vilikuwa sawa, hata cha tezi ya shingo. Akaweka majibu pembeni, akaanza kunihoji kuhusu chakula. Asubuhi chai ya maziwa na chapati, mchana chipsi, usiku wali au ugali wa sembe na mboga kidogo pembeni ya sahani. Choo kila baada ya siku tatu au nne, na kwa shida. Hakuandika dawa. Alichukua kalamu akanichorea ini, kifuko cha nyongo na utumbo, na tangu siku ile naangalia mwili wangu kwa namna nyingine.

Estrojeni, homoni ya kike inayoongoza mzunguko wa hedhi, ikishamaliza kazi yake, ini huifunga kwa kuiunganisha na kemikali nyingine ili iweze kutolewa, kisha huimwaga kwenye utumbo pamoja na nyongo. Hapo inatakiwa itoke na choo. Lakini ndani ya utumbo wanaishi bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidasi, na kimeng'enya hicho hufungua kile ambacho ini limekifunga. Estrojeni iliyofunguliwa hufyonzwa tena na kurudi kwenye damu. Hilo hutokea kwa kila mtu. Kinachotofautiana ni kiasi. Choo kikikaa sana, na chakula kikiwa hakina nyuzinyuzi za kuibeba, nafasi ya kurudi inakuwa kubwa. Mwaka 1982 watafiti wa Boston, Marekani, walilinganisha wanawake wasiokula nyama na wale wanaokula kila kitu. Wale wasiokula nyama walitoa choo kingi zaidi, kilichobeba estrojeni nyingi zaidi, na damu yao ilikuwa na estrojeni ndogo zaidi.

Tena utumbo haupitishi homoni tu, unazitengeneza. Homoni ya kwanza kabisa kugunduliwa ilitoka huko. Ilikuwa London mwaka 1902, William Bayliss na Ernest Starling walipoona kwamba utumbo mwembamba, ukiguswa na asidi kutoka tumboni, hutoa kwenye damu kitu kinachoiamuru kongosho kumwaga maji yake. Wakakiita sikretini. Leo tunajua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili, kemikali inayojulikana zaidi kwa kuathiri hisia, hutengenezwa kwenye utumbo. Serotonini hiyo haiingii kwenye ubongo, lakini ndiyo inayosukuma mwendo wa utumbo na kupeleka habari kupitia neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na ubongo.

Na zile nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya, bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa asidi kama butirati. Asidi hizo huziamsha seli za utumbo kutoa GLP-1 na PYY, homoni zinazoleta shibe. GLP-1 pia huisaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda. Ndiyo homoni inayoigwa na sindano za semaglutidi, za kisukari na kupunguza uzito, zinazozungumzwa sana siku hizi. Sahani ya kunde haina nguvu ya sindano, wala simwambii mgonjwa wa kisukari aache dawa zake. Lakini aliyekula dona na kunde mchana anajua kwamba saa kumi njaa haimsumbui.

Kuna jambo ambalo natamani kila binti aambiwe anapovunja ungo. Homoni nazo huuendesha utumbo. Baada ya yai kutoka, projesteroni, homoni nyingine ya kike, hupanda na kulegeza misuli ya utumbo, ndiyo maana wengi wetu hufunga choo na kujaa gesi wiki moja kabla ya hedhi. Kisha siku ya kwanza ya hedhi prostaglandini, kemikali zinazobana mfuko wa uzazi, huufikia utumbo pia, na unaharisha. Hapo hakuna sumu wala uchafu kwenye kizazi. Nimewaona mabinti wakinunua dawa za kusafisha kwa sababu ya dalili hizo mbili tu, na inaniuma.

Sasa chakula. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji Uganda kwa miaka mingi, ikiwemo hospitali ya Mulago jijini Kampala, alijiuliza kwa nini magonjwa ya utumbo aliyoyazoea Ulaya hayaoni hospitalini kwake. Akaanza kupima choo cha watu. Katika ripoti aliyoitoa na wenzake mwaka 1972, chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa takriban siku moja na nusu, wakati cha vijana wa jeshi la majini la Uingereza kilichukua zaidi ya siku tatu. Wanakijiji wale walikuwa wakila vyakula vya nyumbani kwetu. Sisi wa mjini ndio tumehamia kwenye sahani ya wale vijana wa majini, na tunaona ni maendeleo.

Nilianza na ugali. Niliacha sembe nikarudi kwenye dona, lakini hapa nataka usome kwa makini. Dona haikai kama sembe, kwa sababu ya mafuta ya kiini, na sumukuvu hukaa zaidi kwenye kiini na pumba. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mimi hununua mahindi yaliyokauka vizuri, nayachambua kwenye ungo, natupa yaliyovunda, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa na wadudu, ndipo napeleka mashineni kidogokidogo, ya kutosha wiki mbili hivi. Kazi ipo, lakini ladha ya dona mbichi inailipa.

Kunde, choroko, mbaazi na maharage ndiyo yaliyofanya kazi kubwa kuliko vyote. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takriban gramu 15 za nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Loweka usiku, mwaga yale maji, pikia maji mapya. Gesi inapungua sana. Na anza na vijiko vichache. Ukitoka kwenye chipsi ukaruka moja kwa moja hadi bakuli zima la maharage, tumbo litavimba, utakata tamaa siku ya pili. Bakteria wanahitaji muda wa kuzoea. Ongeza na maji ya kunywa, maana nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukufunga zaidi.

Matembele, kisamvu, bamia na mlenda viwe nusu ya sahani, visiwe pambo. Viazi na wali uliolala kwenye friji vina wanga unaopita bila kumeng'enywa hadi utumbo mpana, kwa hiyo kiporo kina faida yake, mradi kiliingia kwenye friji mapema na kimepashwa hadi kikachemka. Mtindi uwe wa kawaida, usiotiwa sukari. Togwa ya kimea, ile wanayoitengeneza Songea na Njombe, mimi nainywa kila ninapoipata. Ubuyu pia, ule unga mweupe wenyewe, sio ule wa kupakwa rangi nyekundu na sukari.

Jambo lingine halihusu chakula. Wanawake wengi tunabana choo kazini kwa sababu vyoo ni vichafu au havina maji. Utumbo husukuma zaidi baada ya kula, hasa asubuhi. Ukiunyima nafasi kila siku, msukumo unafifia na choo kinakauka. Nilianza kuamka mapema kidogo ili nipate kifungua kinywa na muda wa kukaa chooni bila haraka kabla ya daladala. Hilo peke yake lilinisaidia karibu sawa na maharage.

Baada ya miezi michache choo kilikuwa cha kila siku. Maumivu ya matiti yalipungua sana, na uchovu wa mchana nao. Maumivu ya tumbo ya siku ya kwanza yalibaki palepale, na bado nameza dawa ya maumivu.

Kuhusu zile chai za kusafisha tumbo: nyingi zina majani ya sanamaki, ambayo ni dawa ya kumfanya mtu aharishe. Kuitumia kwa siku chache kwa ushauri wa mfamasia sio tatizo. Kuinywa kila jioni kwa miezi kunapoteza maji na potasiamu, na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuharisha sana kunaweza kuvizuia kufyonzwa vizuri. Hilo muuzaji hakwambii. Vilevile flajili na amoksilini za kununua dukani bila cheti kila tumbo linapouma: zinaua na bakteria unaowahitaji.

Chakula hakiondoi uvimbe wa kizazi, wala hakitibu tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa, ambayo yenyewe huleta kufunga choo. Nenda hospitali kama hedhi imekata miezi mitatu na huna mimba, kama damu inatoka nyingi kiasi cha kujaza pedi kila saa, kama ndevu zinaota au maziwa yanatoka na hunyonyeshi, kama kuna damu chooni au unakonda bila sababu. Nenda na daftari lenye tarehe za hedhi na siku unazopata choo, ulizoandika kwa miezi miwili au mitatu. Na kama tayari unatumia vidonge vya tezi, vimeze asubuhi kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu viache hadi yapite masaa manne.