Maswali Yenu: Kalasinga wa Kericho na Volvo ya Mtumba

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Babu yangu hapa Molo akiona kijana anaendesha gari kwa fujo husema, "Huyu naye anajidhani Joginder!" Nikamwuliza Joginder ni nani, akaniambia alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally kwa gari la mtumba. Ni kweli? Mjomba naye anashikilia kwamba alishinda tu kwa kuwa madereva wa Ulaya hawakuzijua barabara zetu za vumbi. Nimsadiki nani?
Msomaji, Molo

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. La mtumba ni kweli tupu. Ila mwambie babu, kwa heshima, kwamba anayeendesha kwa fujo hafanani na Joginder hata kidogo.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Kwa muda alifanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari: ukikwama barabarani, yeye ndiye anayekuja na spana zake. Hebu fikiria shule ile! Kila siku unaona gari linavunjikia wapi, na kwa nini. Safari Rally yake ya kwanza ilikuwa 1959, na kwa jumla aliingia mara 22 akamaliza mara 19. Mimi nikiulizwa ushindi wake mkubwa ni upi, nataja hiyo 19 kabla ya vikombe. Kulikuwa na miaka magari yaliyorudi Nairobi yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole.

Sasa hilo gari. Lilikuwa Volvo PV544, lile la mgongo wa mviringo, mali ya kiwanda, limekwisha kukimbizwa mashindanoni ndipo likauzwa. Joginder na nduguye Jaswant wakalinunua na kulitengeneza wenyewe, na Pasaka ya 1965 wakashinda nalo. Wengi wanadhani gari lililotumika limechoka. Kwa fundi mwangalifu, gari kama hilo limeshakuonyesha udhaifu wake: bodi imepasuka wapi, springi ipi imelegea, vumbi limeingilia wapi. Ukishayarekebisha hayo, una gari unalolijua kuliko jipya linalong'aa.

Na vumbi lile si mchezo. Gari la mbele likipita, wingu linabaki hewani dakika nzima, nawe unaingia humo huoni hata boneti yako. Kichungi cha hewa kinajaa, injini inakosa pumzi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi unaviringika kwenye tairi mpaka gurudumu halizunguki tena. Hayo yote, kilomita kwa maelfu, mchana na usiku.

Nilimwona kwa macho yangu miaka ya sabini, nikiwa mtoto kando ya barabara ya Elburgon. Palikuwa na mfereji uliokata barabara, maji ya mvua yameuchimba. Wenzake walikuja kwa kasi, wakaushtukia, wakakanyaga breki, pua ya gari inainama, chuma kinagonga, unasikia "ngwa!" mpaka kifuani. Joginder aliachia breki kabla ya kuufikia. Pua ya gari lake, Mitsubishi Lancer, ikainuka kidogo, gari likavuka jepesi, halafu ndipo akakanyaga mafuta. Hatukusikia chuma. Sisi watoto tulipiga kelele "Simba! Simba!", maana ndiye Simba wa Kenya.

Kuhusu mjomba: ana chembe ya ukweli. Mashindano yalianza 1953, na mpaka 1971 hakuna mgeni aliyeyashinda. Wa kwanza kutoka ng'ambo alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, kwa Ford Escort, mwaka 1972. Baada ya hapo mtu angesema enzi ya wenyeji imekwisha, viwanda vina fedha, vina ndege za kufuatilia magari. Lakini tazama 1974: Joginder na msaidizi wake garini David Doig, katika Mitsubishi Lancer ndogo, wakamwacha Björn Waldegård wa Sweden na Porsche yake nafasi ya pili. Waldegård hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka mitano baadaye alitwaa ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 Joginder akashinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za juu. Kwa hiyo la "hawakuzijua barabara" halitoshi, mwambie mjomba.

Alikuwa wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Aliyekuja kumpita ni Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, ambaye alifikisha mara tano. Joginder alifariki London, Oktoba 2013. Babu akiwa na picha ya lile Volvo, mwombe aitume hapa gazetini. Nami ningependa sana kuliona tena.