Jibu: Diwani ya zamani imechapwa upya, naweza kuiweka mtandaoni?

Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu diwani yako imechapwa upya 1991, ukadhani hakimiliki inahesabiwa kuanzia hapo. Hapana. Tazama kwanza mwaka aliofariki mwandishi. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, haki hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo mashairi aliyochapisha akiwa hai yako huru tangu 2013. Ila dibaji na maelezo ya mhariri wa 1991 yana mwenyewe, mimi huyaruka.

Diwani yangu gundi ya mgongo ilishakauka, kurasa zinadondoka kila nikifunua. Nililaza moja moja kwenye skana, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), kisha nakala nikazigawa diski mbili, nyumba mbili. Anza wiki hii, tafadhali.