Jibu: bastola ya Makarov au Glock 17, ipi rahisi kutunza hapa Mwanza?

Habari ndugu. Umesema kibali unacho, unasita kati ya Makarov na Glock 17, na hofu yako ni kutu kwa sababu duka lako la dagaa liko Mwaloni, Kirumba, karibu kabisa na ziwa.

Kabla ya yote: toa magazini (kisanduku cha risasi), vuta slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma), tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho kisha gusa kwa kidole. Kwa Glock usiruke hili hata siku moja, maana unapoifungua kuisafisha lazima uvute triga ndipo slaidi itoke.

Mimi natumia Makarov. Mtutu wake umekazwa kwenye fremu, springi imeuzunguka, na springi nyingine bapa inasukuma nyundo huku ikibana pia magazini. Kuifungua, unashusha kinga ya triga, unavuta slaidi nyuma na kuiinua, basi. Ila ni chuma kitupu. Niliiacha kwenye mkoba wa ngozi msimu wa masika, ikaota kutu. Ngozi hunywa unyevu. Sasa naifuta kwa mafuta mepesi kila wiki.

Glock ina fremu ya plastiki na sehemu chache, 34 hivi. Kwa upepo wa ziwa, wewe chukua hiyo.