Muulize akikaa inakuwaje

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo chumba cha fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, faili nyingi mtakazokabidhiwa zitakuwa zimeandikwa "maumivu ya kiuno", basi. Mgonjwa mwenyewe atawaambia pingili zimesagika, maana ndivyo alivyoambiwa alikonunua mkanda wa mgongo. Nitawaeleza tatizo moja tu, kubanwa kwa mfereji wa uti wa mgongo, kwa sababu ndilo lililoniumbua mwaka wangu wa kwanza.

Alikuja mama mmoja wa miaka 68, mkulima wa ndizi na kahawa huko kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Shambani alipalilia ameinama saa mbili bila kulalamika. Kanisani hakuweza kusimama wimbo mmoja ukaisha: mapaja yanakuwa mazito, vigimbi vinawaka, nyayo zinaingia ganzi. Kuteremka kwenda sokoni alipumzika mara nne, kupanda kurudi nyumbani mara moja. Mkwe wake alishakata shauri kwamba bibi anajidekeza, maana ni mgonjwa gani anayeweza jembe halafu ashindwe na ibada?

Yote hayo aliniambia. Niliyaandika vizuri kwenye faili na sikuyaelewa. Nikampa zoezi nililotoka nalo chuoni: alale kifudifudi, ainue kifua kwa mikono, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Baada ya wiki mbili alirudi ameshikwa mkono na mjukuu. "Mwanangu, lile zoezi lako limenimaliza miguu."

Mfereji ule, ambamo mishipa ya fahamu hupita, una diski, yaani vile vimto vya kati ya pingili, kwa mbele, na nyuma yake viungo vidogo vya pingili pamoja na kano ya manjano. Umri unavyokwenda diski husinyaa, viungo hukua na kuota mifupa, kano hunenepa na kujikunja kwa ndani. Mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni hubaki imesongwa katikati, mara nyingi zaidi kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Henk Verbiest, daktari wa upasuaji wa Uholanzi aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1954, alihesabu upana wa chini ya milimita 10, mbele kwenda nyuma, kuwa mbano kamili. Wengine huzaliwa na mfereji mwembamba, kwa hiyo msishangae mkiwaona wana miaka 40.

Sasa simameni, mjipinde nyuma kidogo. Hapo mfereji umezidi kubana. Inameni, umefunguka. Anayeteremka mlima hurudisha mgongo nyuma asianguke, na mwenye mkungu kichwani hana budi kunyooka kama mlingoti. Anayepanda huinama, na anayepalilia huinama zaidi. Yule mama alikuwa amenipa jibu zima kabla sijamgusa, nami nikamwagiza ajipinde nyuma mara ishirini kwa siku.

Ndiyo maana swali langu la kwanza siku hizi si "unaumwa wapi?" Ni "ukikaa inakuwaje?" Wenye mbano wengi husema inatulia dakika chache tu baada ya kukaa. Kisha ulizeni habari za baiskeli. Mwenye mbano mara nyingi huendesha mbali kuliko anavyotembea, kwa sababu ameinamia usukani. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba ataumwa hata kwenye baiskeli, na akitembea humtosha kusimama tu wima maumivu yaishe. Pimeni mapigo juu ya unyayo na nyuma ya fundo la mguu la ndani. Ni dakika moja, na wengi huiruka eti mgonjwa amevaa soksi. Ganzi ya kisukari nayo huanzia vidoleni, hupanda kama soksi, na huwaka usiku mtu akiwa kitandani.

Msikimbilie MRI, ile picha ya mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili. Najua mgonjwa anaitaka, na ndugu wameshachanga. Mwaka 1990 Scott Boden na wenzake walichapisha picha za watu 67 ambao hawakuwahi kuumwa mgongo, na kati ya waliofikia miaka 60 na kuendelea, 21% walionekana wana mfereji uliobana. Picha ina kazi pale ambapo hadithi na mwendo wa mgonjwa vinafanana nayo, na hasa upasuaji unapofikiriwa. Mimi humtembeza mgonjwa koridoni kwanza, nikimfuata na saa, niandike dakika ngapi na mguu upi umeanza.

Wapo ambao hamtakiwi kuwapa zoezi lolote. Aliyeanza kushindwa kukojoa au kuzuia haja, aliyekufa ganzi sehemu anazokalia, au ambaye mguu unazidi kulegea, aende kwa madaktari wa upasuaji siku hiyo hiyo. Msimpangie kliniki ya Jumanne. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda na kibiongo kinachochomoza zifikirieni kuwa kifua kikuu cha mgongo, ambacho kwetu si ugonjwa wa vitabuni. Baba mzee mwenye maumivu yasiyopoa hata akilala, mwulizeni habari za tezi dume, maana huenda ni saratani iliyotokea huko. Na anayeshindwa kufunga vifungo vya shati huku akiyumba akitembea, tatizo lake laweza kuwa shingoni, na hapo kuchelewa kuna gharama.

Waliobaki, ambao ndio wengi, hukaa na hali ileile kwa miaka. Waambieni hivyo, kwa sababu wengi wanakuja wakiogopa kupooza. Mazoezi yao ni ya kukunja: alale chali, alete magoti kifuani taratibu, afundishwe kukaza tumbo, atembee vipande vifupi na apumzike kabla miguu haijalalamika. Alale ubavu amekunja magoti. Akiosha vyombo amesimama, mguu mmoja aukanyagishe juu ya tofali. Dawa za maumivu kama diklofenaki zitumike kwa siku chache na daktari ajue, kwa sababu wazee wetu wengi wana presha na figo zilizochoka. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, mgongoni sishawishiki nayo sana: utafiti wa Marekani wa wagonjwa 400, uliotoka mwaka 2014, ulikuta kwamba kuongeza steroidi kwenye dawa ya ganzi hakukuwa na faida ya maana baada ya wiki sita.

Upasuaji wa kuondoa paa la mfereji nimeuona ukirudisha watu barabarani. Husaidia miguu kuliko unavyosaidia kiuno, na ganzi ya miaka mingi huenda isiondoke. Mgonjwa ayajue haya kabla ya kusaini. Mtasikia pia ule utafiti wa mwaka 2015 wa wagonjwa 169, ambao baada ya miaka miwili walioanzia mazoezi na waliopangiwa kupasuliwa walilingana. Ni kweli, ila 57% ya kundi la mazoezi walikuwa wameshavuka kwenda kupasuliwa, kwa hiyo msiutumie kumzuia anayehitaji rufaa.

Yule mama nilimwomba radhi mbele ya mjukuu wake, nikafuta lile zoezi. Tulianza na magoti kifuani na matembezi ya dakika tano. Sasa sokoni anateremka kwa kupumzika mara mbili, mkungu uko kwenye toroli la mjukuu, na wimbo ukiwa mrefu anakaa bila kuona haya. Mkwe wake ndiye anayemleta kliniki.