Fragile ni noma lakini Close to the Edge ndio baba yao

Omera, hapo unaposema Fragile ndio albamu bora ya Yes, ile bendi ya rock ya Uingereza, nakukatalia. Sawa, ni ya 1971, Roundabout iko humo na ile besi ya Chris Squire haina mpinzani, lakini si pia kila msee wa bendi alipewa kawimbo kake mwenyewe, na tuwimbo tungine mimi huruka tu. Close to the Edge ya 1972 ina nyimbo tatu pekee, ya kwanza inamaliza upande mzima wa santuri, karibu dakika 19, na sisi watu wa Kisumu hatuwezi lalamika ati ni ndefu, tumelelewa na benga, muziki wetu wa gita, wimbo mmoja ulikuwa unagawanywa mara mbili kwa sahani ndogo juu hautoshei upande mmoja na bado mtu anangoja gita zichachuke. Sikiza tu vile Rick Wakeman anaingia na kinanda cha kanisa kwenye ile sehemu ya kutulia. Alafu Bill Bruford, mpiga drams, kumaliza kurekodi akahamia bendi ya King Crimson, mimi nasema aliona hapa hakuna pa kupanda tena. Albamu yao ingine, Tales from Topographic Oceans, msinitajie, nyimbo nne sahani mbili, hapo hata mimi husinzia.