Mlo wa vionjo vya msimu: menyu iandike kwa chaki

Dada yangu, unauliza kama mgahawa wako wa Mikocheni unaweza kuuza mlo wa vionjo saba, yaani sahani ndogo ndogo zinazofuatana, kwa mazao ya msimu tu, na menyu uichape lini. Usiichape kabisa. Ubao na chaki vinatosha.

Nenda soko la samaki la Feri alfajiri. Pweza hufuata bamvua: mwezi mpevu au mwandamo, maji hutoka mbali na wavuaji huingia miambani kwa miguu. Dagaa wao wanataka giza na taa. Mbalamwezi ikiwaka, sahau. Kwa hiyo kabla ya bei, angalia mwezi.

Embe dodo Desemba zimejaa Kariakoo. Mimi niliwahi kuzing'ang'ania mwezi Mei, nikaletewa ngumu kama mawe, nikaishia kuomba radhi meza nzima. Siku hizi natia achari mapema, Januari.

Saba ni vingi, anza na vitano. Wali wa nazi uwe vijiko viwili tu, mwishoni. Watu wetu wakishauona wali mapema, hayo mengine wanayaonja kwa heshima tu. Na tui kamua mwenyewe. La kopo linajulikana.